Fimbo Ndani ya Lenzi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Leokadia alifuta lenzi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye aliishi Iringa mjini kwa baba yake mdogo, Crispin Kalinga, mwenye studio ya picha karibu na soko. Alipuliza vumbi kwanza, akafuta kioo polepole kwa kitambaa laini cha pamba, kisha akairudisha kila lenzi kwenye mfuko wake wa ngozi.

Mwaka ule wa 1977 Crispin alikuwa amenunua kamera ya sinema kwa fundi mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe juu ya mavuno ya mpunga, aionyeshe mashuleni na parokiani. Likizo ya Juni ilipofika, alimwita Leokadia wafunge mizigo ya kwenda Madibira, katika bonde la Usangu.

"Lori halitabeba kila kitu," alisema. "Kamera na mikanda, hivyo havibaki. Stendi ya miguu mitatu nayo lazima, la sivyo picha itatetemeka kama mtu mwenye homa. Kipima mwanga kitakaa mfukoni mwangu. Sasa lenzi. Nafasi ipo ya moja tu. Wewe ungechukua ipi?"

Leokadia aligusa lenzi ndefu. "Hii, Baba mdogo."

"Mimi napenda fupi. Mwenye lenzi fupi lazima awasogelee watu, azungumze nao."

"Ndiyo maana mimi sipendi," alisema Leokadia kwa sauti ndogo. Alikuwa msichana mwenye haya, na kuwakaribia watu wageni kulimtisha.

Crispin alicheka, halafu akaichukua ile ndefu. Alikuwa amesikia habari za Madibira. Wafugaji Wasukuma walikuwa wamehamia bondeni na ng'ombe wao, na ng'ombe hao waliingia kwenye mpunga. Kaka wa mkulima ambaye wangefikia kwake alivunjwa mkono kwa fimbo. Wakulima nao walimkata ng'ombe mmoja miguu ya nyuma wakamwacha akilia mpaka akafa. "Haya," alisema. "Pengine kusimama mbali ni salama zaidi."

Mwenyeji wao aliitwa Saulo. Aliwapokea vizuri, akawapa chumba, lakini panga lake halikutoka mkononi hata wakati wa kula. "Ng'ombe wa yule mfugaji Mihayo wakiingia tena shambani kwangu," alisema, "sitamkata ng'ombe. Nitamkata mwenyewe." Binti yake Juliana, mwenye miaka minane, aliendelea kutafuna ugali kana kwamba maneno hayo aliyasikia kila siku.

Asubuhi iliyofuata Crispin alisimamisha kamera juu ya kichuguu kando ya mashamba. Watu walikuwa wanakata mpunga kwa mundu. Mbele yao, shambani, Juliana alikuwa anafukuza ndege. Crispin alitia kamera ufunguo kama mtu anayetia saa, akaenda kuongea na wavunaji.

"Wewe tazama tu," alimwambia Leokadia. "Usibonyeze kitu."

Leokadia aliweka jicho kwenye kitundu. Juliana alionekana mkubwa, hata utepe wa nywele zake ulionekana. Kisha nyuma ya Juliana akatokea mtu mrefu mwenye shuka jeusi. Alikuwa Mihayo; Juliana alikuwa amemwonyesha kwa kidole njiani asubuhi ile. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira. Aliinua fimbo nene juu, juu kabisa ya kichwa cha mtoto, akaishusha kwa nguvu. Hapo hapo Juliana akaanguka na kupotea ndani ya mpunga.

"Anamuua Juliana," Leokadia alipiga kelele. "Mihayo anamuua Juliana!"

Wavunaji walitupa matita, wakakimbia. Saulo alikuwa mbele na panga lake. Leokadia aliondoa jicho kwenye kamera atazame wanakokwenda, akagundua kwamba lenzi ndefu ilikuwa imewabandika pamoja watu waliosimama mbalimbali. Kati ya Juliana na Mihayo kulikuwa na sehemu yote iliyobaki ya shamba, na baada yake mfereji mpana wenye maji. Mihayo alikuwa ng'ambo ya mfereji, akimpiga ng'ombe aliyetaka kuvuka. Juliana alikuwa ameinama kuokota bonge la udongo la kuwatupia ndege. Sasa aliinuka, akashangaa kuona watu wanampita mbio.

Hakuna aliyemuuliza kitu.

Walivuka maji yakawafika kiunoni. Mihayo hakukimbia, kwa maana hakujua kosa lake. Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni, meno yakatoka. Alipoinua mikono, walimpiga mbavuni kwa mipini ya majembe, na alipolala chini walimkanyaga. Saulo alimpiga usoni kwa ubapa wa panga, tena na tena. Leokadia aliwafikia akiwa amelowa, akivuta mashati yao. "Acheni, nimekosea, acheni." Kiwiko cha mtu kilimpiga puani, akaanguka kwenye tope damu ikimtoka. Crispin ndiye aliyejilaza juu ya Mihayo, akapigwa yeye mgongoni mpaka walipotambua kwamba wanampiga mgeni wao.

Mihayo alikuwa bado anapumua. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepasuka.

Kabla hawajamwinua, wafugaji walitokea upande wa malisho wakiwa na fimbo na mikuki. Walitanguliwa na Malimi, mdogo wake Mihayo. Wakulima walijipanga mstari mmoja na miundu yao. Ng'washi, mke wa Mihayo, alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akapiga magoti kwa mumewe.

"Kawafanya nini?" Malimi aliuliza.

"Kampiga binti yangu," alijibu Saulo. Alikuwa amekwisha kumwona Juliana amesimama mzima ng'ambo ya maji, na sauti yake haikuwa na nguvu kama mwanzo. "Shahidi yupo. Huyu mtoto wa kamera aliona." Akamwinamia Leokadia. "Sema uliona. Sema, au leo tunakufa wote hapa."

Crispin alitaka kuongea, lakini Malimi alimwekea mkuki kifuani. "Nimesikia nani ametajwa. Aongee yeye."

Leokadia alitazama miundu upande huu na mikuki upande ule. Akisema ndiyo, mwenyeji wao angekuwa na kisingizio. Akisema hapana, wafugaji wangejua kwamba ndugu yao amepondwa bure. Alifuta damu puani.

"Hakumpiga," alimwambia Malimi. "Niliona fimbo kwenye lenzi, nikapiga kelele kabla ya kutazama kwa macho yangu. Kosa ni langu. Lakini sikutunga. Njoo uone, baba."

"Nione nini?"

"Nilichoona mimi. Kisha unifanye unavyotaka."

Malimi alimfuata mpaka kwenye kichuguu, mkuki begani. Leokadia alimwomba Juliana asimame palepale alipokuwa, na ng'ambo mfugaji mmoja ainue fimbo. Malimi aliweka jicho kwenye kitundu. Mwili wake ulishtuka. Aliondoa jicho, akatazama mfereji, akarudisha jicho tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, na watu wa pande zote walimngoja.

"Saulo," aliita mwishowe. "Njoo utazame ulichompigia kaka yangu."

Saulo alitazama. Alipoinuka alikuwa analia, panga limeanguka miguuni pake.

"Hata mimi ningepiga kelele," Malimi alisema. "Lakini wewe ulifika karibu. Mtoto ulimpita njiani mzima. Wewe hukuwa na lenzi."

Aligeuka akawaamuru wenzake waweke mikuki chini. Saulo alitoa kitanda chake mwenyewe kiwe machela, akashika mguu mmoja wa kitanda, Malimi akashika mwingine, wakaanza safari ya zahanati. Mwenyekiti wa kijiji aliwafuata, akiwaagiza wote waliopiga waende kujieleza polisi. Saulo alisema atakuwa wa kwanza.

Kwenye kibaraza cha zahanati Ng'washi alikuwa anakamua kitambaa chenye damu. Leokadia alimsogelea, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

Ng'washi alimaliza kukamua kitambaa. Kisha alisema, "Mganga anasema mume wangu ataishi. Jicho halitarudi. Mwanangu, leo umesema mara mbili. Ya kwanza ulisema haraka, na huyu amelala hapa. Ya pili uliogopa ukasema kweli, na wanangu wana baba mdogo bado, na Juliana ana baba yake. Usije ukaikumbuka moja ukaisahau nyingine. Ukiona jambo baya, nenda ukalione vizuri kwanza, maana wanaokusikia wana mapanga."

Alimpa Leokadia ndoo iliyojaa maji mekundu.

"Kamwage," alisema. "Ulete mengine safi."