Siku ya Kisima Kulala

Asubuhi ile Ruthu alikoroga uji, akamnywesha mtoto, akafagia ua, na hakuna kilichomwonya. Nasema hivi kwa sababu wapo watu wa Gulwe wanaopenda kusimulia kwamba bundi alilia juu ya nyumba, au kwamba mbwa waligoma kula. Uongo mtupu. Ilikuwa siku ya kawaida ya kiangazi, jua kali na vumbi jekundu, na kisima kilikuwa kimelala.

Kisima kililala kila siku ya nne. Wakati wa kiangazi mto Kinyasungwe hubaki mchanga mtupu, na anayetaka maji huyafuata chini. Kijiji kilikuwa kimechimba kisima kimoja katikati ya mchanga huo, kirefu cha kutosha watu wanne waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake, kikawekewa vikanyagio vya miti ubavuni. Kwa siku tatu walishuka watu wanne, wa chini kabisa akichota na wengine wakipokezana vibuyu mpaka juu. Siku ya nne walikifunika kwa matawi ya miiba ili maji yajikusanye. Kila nyumba ilipata vibuyu sawa, yenye ng'ombe mia na isiyo na hata kuku. Tena hakuna aliyeshuka peke yake, hata kwa mzaha.

Sila, mume wa Ruthu, aliyashika mambo hayo kuliko wengi. Ila mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanapeleka reli yao Dodoma, na reli ile ilikula watu. Msimu uliotangulia askari walimkamata Sila wakamtwisha mataruma ya kulazia reli, akarudi baada ya miezi mitano, mifupa mitupu na kikohozi kisichokatika. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba askari wanakuja tena. Ruthu alijua kwamba mumewe akienda mara ya pili, harudi.

Ndipo akaja Rehani. Huyu alikuwa mtu wa mjini Mpwapwa, mjukuu wa wafanyabiashara wa misafara, kanzu safi na ulimi laini, na kwenye kambi ya reli alikuwa msimamizi wa maji. Gari moshi lililobeba vyuma vya kwenda Dodoma lilikuwa limekwama karibu na Gulwe, tangi limekauka, na mzungu wake anafoka tangu alfajiri. Rehani alitaka mapipa matatu ya maji siku hiyo hiyo. Kwa kazi hiyo, Sila angepewa cheti chenye mhuri, cha kumkinga asikamatwe.

"Leo kisima kimelala," Sila alimwambia.

"Kisima ni shimo, ndugu yangu. Shimo lina usingizi gani?"

Sila akamtazama mkewe. Hapa mimi simlaumu Ruthu, ingawa wapo wanaomlaumu mpaka kesho. Mwanamke yule alikuwa amesikiliza kile kikohozi usiku baada ya usiku, akihesabu kama pumzi itarudi.

"Twende, Baba Lydia," akasema. "Ni mapipa matatu tu. Nani atajua?"

Mtoto walimwacha kwa Dorkasi, dada mkubwa wa Sila, wakamdanganya kwamba wanakwenda kuokota kuni.

Jua lilikuwa utosini walipoondoa miiba. Rehani alileta punda na mapipa yake, akasimama mbali kidogo, hakutaka kuchafua kanzu. Kwa kuwa watu walikuwa wawili tu, Sila alifunga kibuyu kikubwa kwenye kamba, akashuka mpaka chini. Ruthu akabaki juu kuvuta, kumimina na kuteremsha tena.

Vibuyu vya mwanzo vilichelewa, kama ilivyo kazi ya mtu mmoja. Pipa la kwanza likajaa. Kwenye pipa la pili kibuyu kikaanza kurudi haraka, Ruthu akafurahi kwamba mumewe amepata nguvu. Kwenye pipa la tatu hakuwa hata anasubiri. Alikuwa akiteremsha kibuyu kitupu, na kabla hajavuta pumzi kamba inatikiswa, kibuyu kimejaa.

Pipa lilipofurika akainama mdomoni mwa kisima.

"Baba Lydia, leo unachota upesi!"

Kisha sauti ya Sila ikaja polepole, kama mtu anayechelea kusikiwa na aliye karibu naye.

"Sichoti."

"Unasemaje?"

"Sichoti, Mama Lydia. Napokea."

Ruthu akainama zaidi.

"Unapokea kwa nani?"

"Sijui. Naiona mikono tu."

"Panda! Panda sasa hivi!"

"Vikanyagio siviwezi. Viko juu sana. Kila nilipopokea, nilishuka."

Ruthu akatazama kamba. Mwanzoni sehemu yake kubwa ilibaki imeviringishwa miguuni pake. Sasa ilikuwa imenyooka yote kuingia gizani, na mwisho wake alikuwa ameukamata mkononi. Hakukumbuka imekwisha saa ngapi.

Aligeuka kumwita Rehani. Rehani alikuwa ameshapakia mapipa na kuwaswaga punda, na hakutazama nyuma.

Ruthu alikimbia kijijini akipiga mayowe. Dorkasi alitoka na mtoto mgongoni, na hakupoteza muda kutukana, ingawa ulimi wake ulijulikana.

"Mmetoa kiasi gani, wifi?"

"Mapipa matatu."

"Yalikuwa maji ya kila nyumba. Mimi na wewe peke yetu hatuwezi kuyarudisha." Akampa Ruthu mtoto, akaanza kupita nyumba moja baada ya nyingine, akipiga milango kwa kiganja.

Na watu wakaja. Walikuja na mitungi, vibuyu, na sufuria za waliokuwa nazo. Hata Matonya, aliyekuwa hasemezani na Sila kwa sababu ya malisho, alileta mitungi miwili, akilaani njia nzima. Wakamimina. Kila mtungi ulipomiminwa, Ruthu aliita, na kila alipoita, jibu lilitoka karibu zaidi. Watu wakapata moyo. Wakamimina maji ya ndama. Wakamimina maji ya wagonjwa. Wakamimina mpaka kijijini pasibaki tone, na kwenye giza la kisima ukaonekana mkono, umeshika kikanyagio.

Kefa, mkimbiaji wao, alikuwa ametumwa kambini kuyarudisha mapipa. Kabla hajarejea, watu wote waliosimama mtoni walisikia filimbi ya gari moshi. Ililia mara mbili, kisha moshi ukaonekana ukiondoka kuelekea Dodoma.

Ruthu alilala kifudifudi, Dorkasi akamshika miguu. Akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Akamshika mumewe vidole. Vilikuwa vya baridi, na vilikuwa vikivutwa.

"Mama Lydia," Sila akanong'ona. Uso wake ulionekana nusu. "Wananiuliza yaliyobaki yako wapi."

"Akina nani?"

"Usiwatazame. Nijibuje?"

Ruthu alitaka tu wamwachie mumewe. Akasema lililokuja.

"Waambie yamekwenda Dodoma."

Sila akageuza uso chini. Wakamsikia akimwambia mtu, kwa adabu, kama anayeelekeza mgeni njia: "Dodoma."

Vidole vikalegea. Ruthu akabaki ameshika hewa.

Matonya na wenzake watatu walishuka kabla jua halijatua. Walifika chini kwa vikanyagio vile vile vya siku zote. Hapakuwa na Sila. Hapakuwa na maji waliyomimina. Mchanga ulikuwa mkavu, umesawazishwa vizuri, kama ua uliofagiwa.

Kulipokucha walikuta miiba waliyoirudisha jioni imesogezwa pembeni. Nyayo mbichi zilikuwa zimetoka kisimani, nyingi, za miguu mitupu, zikapanda ukingo wa mto mpaka kwenye reli, zikageukia Dodoma. Ruthu alizitambua za Sila katikati ya zile nyingine. Alizifuata juu ya mataruma mpaka jua likawaka, na jua halikuzikausha. Dorkasi ndiye aliyemkamata akamrudisha kwa nguvu.

"Una mtoto, wifi," akamwambia. "Sikia. Una mtoto."

Siku ya tatu alipita Gulwe mtu aliyeitwa Bartolomayo, mchochea moto wa lile gari moshi, akirudi kwao kwa miguu. Kazi aliitoroka, na hakujali nani anajua. Aliomba maji, akaambiwa hakuna, akakaa chini na kusimulia bila kuulizwa. Gari lilizimika kabla ya kufika Dodoma. Mzungu akaamuru tangi lifunguliwe. Ndani hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga wa mtoni, mbichi, umejaa mpaka juu, na juu ya mchanga palikuwa na alama ya mwili wa mtu aliyelala.

"Mtu mwenyewe hayupo," Bartolomayo akasema. "Alama tu. Tuliusawazisha kwa koleo ili tuanze kuutoa. Nikageuka kutema mate. Kutazama tena, alama imerudi."

Ruthu alikuwa amesimama nyuma ya watu. Akasogea mbele.

"Alilala ubavu gani?"

"Wa kushoto. Mkono mmoja ameunyoosha mbele."

Ruthu akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo Sila alivyolala miaka yote ya ndoa yao, ameuelekea upande wa mkewe.

"Na ile mara ya pili?"

Bartolomayo akamtazama Dorkasi, kama anayeomba ruhusa.

"Mara ya pili, mama, alikuwa amejisogeza. Pale penye mkono wake pamebaki nafasi. Nafasi ya mtu mwembamba kidogo."

Jioni ile Ruthu alimwogesha mtoto kwa kitambaa kikavu, akamlaza, akalala kando yake. Dorkasi alilala mlangoni, mgongo umeegemea mlango, na aliapa mpaka kufa kwake kwamba hakuna aliyemruka.

Asubuhi kisima kilikuwa na maji, mengi, safi, karibu na vikanyagio vya juu. Watu walishangilia, wakaja kumwita Ruthu apokee vibuyu vyake. Ndani walimkuta Lydia amelala salama, mkavu, kidole mdomoni. Upande wa mama yake mkeka ulikuwa umelowa. Ulikuwa umefunikwa na mchanga wa mtoni, na kwenye mchanga palikuwa na alama ya mtu aliyelala ubavu wa kulia, mkono ameunyoosha mbele, kana kwamba kuna mwenzake ameushika.