Nambari Nzuri Kupita Kiasi

Likizo ya Agosti ilimkuta Bramwel uani kwa nyanya yake, kijijini Kamukuywa, akichambua maharagwe na dadake mdogo, Nekoye. Kwa mvulana wa miaka kumi na miwili, kazi hiyo ilichosha roho. Barabarani kengele zililia. Binamu yake Wamalwa alikuwa akizunguka na kengele zake kualika jamaa kwenye jando lake, na wavulana wote wa kijiji walimsindikiza kwa nyimbo. Wote, isipokuwa Bramwel.

Alizaliwa na tundu moyoni. Mkononi alivaa saa janja iliyopima oksijeni katika damu yake na kutuma nambari kwenye simu ya mamake, Peris, aliyeuza nguo Kitale. Akikimbia kidogo tu nambari ilishuka, simu ya mama ikalia, naye nyanya akapigiwa amketishe. Bramwel aliichukia saa hiyo kuliko dawa zake zote.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Aliivua saa, akamvisha Nekoye mkononi na kumwonya asiseme neno, kisha akatoka mbio kuwafuata wenzake.

Aliimba wimbo mmoja tu, maana njia ya mwongo ni fupi. Kwenye kilima cha kwanza pumzi zilimkatika, midomo ikawa buluu, akachuchumaa kando ya njia. Waimbaji walikuwa wametangulia, na hakuna aliyegeuka.

Kumbe huko Kitale, mama alikuwa ameitazama simu yake na kufunga duka. Alimpigia nyanya na kumsihi amtafute mtoto upesi. Makokha, babake Wamalwa, aliyetumwa na nyanya, alimpata akitweta na kumkimbiza kwa pikipiki hadi zahanati, akawekewa oksijeni.

Mama alipofika, Bramwel alikuwa na nguvu za kusema. Badala ya kuomba radhi, alilia kwa hasira.

"Mimi nimechoka, mama. Kila mtu anaangalia hii saa. Hakuna mtu ananiangalia mimi."

Neno hilo lilimchoma Peris. Alikiri kwamba alikuwa amembana mno, akamwomba Makokha ambebe kesho yake kwenye pikipiki, polepole, nyuma ya waimbaji. Bramwel alifuta machozi, akamuuliza mama alijuaje kwamba ameivua saa, ilhali simu haikulia.

"Nambari yako haijawahi kupita themanini na nane," mama alisema. "Leo nikaona tisini na nane. Nambari ndogo tunaitafutia dawa, mwanangu. Hii nzuri ndiyo iliniogopesha, kwa sababu haikuwa yako. Uongo hata ukipendeza, hauwezi kukutibu."