Maduara Sabini

Kijiti chekundu kwenye kioo cha kumi na nne kilisogea.

Donat aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akafuta lenzi, akaangalia tena. Vijidudu vya kifua kikuu vinavyopakwa kwenye kioo huwa vimekwisha kuuawa kwa moto na kutiwa rangi. Havina pa kwenda. Hiki kiliondoka taratibu katikati ya duara la mwanga, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, kikatokomea. Alisukuma kioo kukifuata. Buluu tupu.

Ilikuwa Élisabethville, mwaka 1954, saa sita na nusu mchana. Daktari Mbelgiji alikuwa amekwenda kwake kulala. Sanduku la vioo ishirini lilikuwa limetoka Léopoldville, kama kila mwaka: majibu hubaki huko yamefungwa, kila maabara husoma na kutuma ilichoona, ndipo ijulikane jicho la nani ni la kuaminiwa. Kando ya sanduku kilikauka kioo kimoja ambacho hakikutoka huko. Kilikuwa na makohozi ya Agnès, binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa akikohoa wiki ya tatu sasa.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, mtu alikohoa. Donat alikwenda kutazama. Benchi lilikuwa tupu, lakini mbao zake zilikuwa na joto, na hewa ilinuka sabuni ya Virginie, mkewe, aliyezikwa mwezi wa nne. Alirudi kuketi. Hakuhisi kitu.

Asani, mzee wa Maniema aliyeosha chupa za maabara, aliingia na ndoo yake.

"Baba Agnès, iko nini? Babelgiji banaogopa mikrobe, weye unaogopa kioo?"

"Inatembea, baba Asani."

"Kitu ya kufa haitembeake." Mzee akanusa hewa, akaweka ndoo chini. Sauti yake ikashuka. "Hapa kuna pepo, ananuka sabuni ya bibi yako. Ulimupa nini?"

Donat alijibu kama anayesoma daftari. "Kioo ya Virginie nilisoma miye mwenyewe. Règlement, sheria ya kazi, inasema kuangalia maduara mia kila kioo. Nilisoma trente, makumi tatu tu, kengele ya midi, ya saa sita, ikalia, nilikuwa na njala. Nikaandika mia, hakuna kitu. Akarudi nyumba bila dawa."

Asani hakumlaumu. Alifunga mlango, akawasha ubani kwenye kibakuli, akaanza kusoma Kurani kwa mnong'ono, na kadiri moshi ulivyotanda kile kikohozi kiliondoka kwenye benchi kikaja mlangoni, kikatoka mlangoni kikaingia chini ya meza, kikatoka chini ya meza kikapanda ndani ya kifua cha Donat mwenyewe, mpaka kinywa chake kikafunguka na sauti nyembamba, kama kucha juu ya kioo, ikasema kupitia kwake, huku macho yake yakiwa makavu na mikono yake imetulia mezani:

"Maduara makumi saba alinipatia mwenyewe. Hayo njo nyumba yangu. Bijiti namufichaka miye."

"Toka!" Asani aliamuru.

"Nitatoka siku atasoma yote."

Moshi ulitulia. "Basi soma," Asani alinong'ona. "Kwa sauti. Usiruke hata moja. Anza na ya mutoto."

Donat aliweka kioo cha Agnès chini ya lenzi. Moja, buluu. Mbili, buluu. Kuanzia thelathini na moja mtu mwingine alihesabu pamoja naye, nusu pumzi nyuma, karibu na sikio la kushoto. Donat hakugeuka. Tisini. Tisini na tisa. Mia, buluu.

"Alhamdulillahi!" Asani alifungua mlango, jua likaingia. "Mutoto ni muzima. Andika, Baba Agnès, andika!"

Donat alichukua kalamu.

"Mia na moja," ilisema ile sauti.

Aliweka kalamu chini, akarudisha jicho kwenye lenzi.

Saa nane daktari alirudi, akamkuta Asani amesimama uani, ndoo mkononi, hathubutu kuingia. Kutoka ndani watu wawili walikuwa wakihesabu. Daktari alisukuma mlango. Donat alikuwa peke yake, amefika mia nne na kumi na mbili, na mbele ya jina la Agnès daftari lilikuwa bado jeupe.