Turubai Lenye Mimba

"Hizi za nani?"

Suyin alimwaga mezani alichokikuta kwenye mfuko wa koti la mumewe: kunazi nyekundu zilizokauka, karanga, na kipande cha uzi mwekundu.

Kerong alizitazama, akaendelea kunywa uji wake. Akasema ni za kula tu.

"Tangu lini unakula na uzi?"

Kerong akainuka. Akavaa koti, akaenda karakana.

Pale Songzhuang, kijiji cha wachoraji, hakuna asiyejua kunazi na karanga humwagwa wapi. Humwagwa kwenye kitanda cha bibi harusi, chini ya mifarishi mipya ya pamba aliyoshonewa na mama yake, ili apate mtoto upesi. Suyin hakumwagiwa. Miaka sita iliyopita yeye na Kerong walikwenda wawili tu ofisi ya ndoa, wakapewa vitabu vyao viwili vyekundu vya ndoa, wakarudi kula tambi. Kule kwao Heze, mama yake aligoma kumshonea hata mfarishi mmoja. Alisema mchoraji atamlisha binti yake rangi. Tangu hapo hawakuzungumza.

Sasa nani anatandikiwa kitanda?

Na Kerong hakuwa mchoraji wa kawaida. Turubai lake la kuchorea halikubali kulala bapa ukutani. Alilisukuma kutoka nyuma kwa mbao na waya mpaka likatoa tumbo, ukipita linakugusa bega. Majirani walimtania kwamba picha zake zina mimba. Zamani Suyin alikuwa akicheka nao.

Mchana, akiwa saluni anamkata mteja nywele, ukaingia ujumbe wa Meifen, rafiki yake anayeuza maandazi ya mvuke mbele ya karakana.

"Shoga, yule mwanamke kaja tena. Kofia hadi machoni, barakoa, na furushi. Shemeji kamfungulia kabla hajabisha."

"Tena? Kwani kaja mara ngapi?"

"Wiki nzima. Niliogopa kukuambia."

Suyin alimwachia mwenzake mkasi. Akapita nyumbani, akachukua vile vitabu viwili vyekundu. Bila hivyo ofisini hawakuachanishi.

Nje ya karakana alimsikia mumewe anacheka. Nyumbani hajacheka hivyo tangu majira ya baridi. Akausukuma mlango.

Kerong alisimama na nyundo mkononi, uso umempauka. Nyuma yake kulikuwa na turubai jekundu, pana kama kitanda, limefura kama mkate. Chini yake ilichungulia miguu miwili ya kike.

"Suyin, ngoja kwanza nikueleze."

"Nyamaza. Na wewe huko nyuma, toka nikuone, malaya we."

Miguu ikasogea. Akatoka mwanamke mwenye pamba kichwani na sindano mdomoni. Akaitoa sindano taratibu.

"Malaya huyu ndiye aliyekuzaa."

Ilikuwa miaka sita Suyin hajaisikia sauti ile.

Kerong akaeleza, maneno yakikanyagana. Alikwenda Heze mara mbili kumwangukia mkwewe. Mara ya pili mama akakubali kuja, kwa sharti moja: binti asiambiwe.

"Nilitaka nishone mfarishi wako kwanza," mama alisema. "Nikimaliza ndipo nijue kama nimekusamehe. Mkono hauwezi kudanganya."

"Na umejua?"

"Imebaki kona moja. Huyu mumeo kaniambia atautundika ukutani uwe picha, nikamwona mwehu. Halafu nikaona jinsi anavyoipanga pamba. Kama anamfunika mtu." Akayashusha macho. "Hivyo vitabu vya nini?"

Kerong aliviona. Akaiweka nyundo chini.

Suyin alisogea kwenye ile kona iliyokuwa wazi. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na kunazi na karanga. Akavisukumia vitabu vyote viwili humo, mpaka kiwiko kikazama.

"Shona, mama."

Mama akavaa miwani, akatunga uzi.

"Natia uzi mara mbili," alisema. "Atakayetaka kuachana, alichane turubai."