Nyumba ya Watu Wanne

Mama Pacha alikuwa ameibana sufuria ya jana katikati ya magoti, anakwangua ukoko kwa kijiko, simu ilipolia. Akaibonyeza kwa kidole kimoja kikavu.

"Mama, imepatikana!" Alikuwa dalali. "Mtaa wa zamani, ule wa milango mikubwa. Njoo kabla jua halijazama. Kesho kuna mtu mwingine."

"Ina choo, au ni kama ile ya juzi?"

"Mama nawe! Ina choo, ina kisima, ina historia."

Historia haipikwi wala hailaliwi. Mwaka huu alishatazama nyumba kumi na moja. Moja choo kilikuwa ndani ya jiko. Nyingine, nusu ya paa ilikuwa ya jirani. Na mwenye nyumba wao alishasema neno la mwisho: mwanawe anaoa, watoke kabla ya mwezi kwisha. Zilibaki siku tisa.

Akampigia mumewe kazini.

"Nenda wewe, ndiwe mwenye macho," mume akasema, akakata.

Kama kawaida. Akapanga mezani sahani nne za jioni: ya mume, ya mama mkwe, na mbili za pacha. Yeye mwenyewe hula kwenye sufuria, amesimama. Akafunga kanga, akatoka.

Dalali alimpokea kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma.

"Gusa ukuta huu, mama. Mkono mzima unazama dirishani. Joto halipiti. Kelele hazipiti."

"Na majirani?"

"Huku hakuna namba za nyumba. Mtaa wenyewe unajua nani anaishi wapi, na wako wangapi."

"Umbea, basi."

"Umbea ni ulinzi wa bure," dalali akacheka.

Mbele ya mlango, kwenye baraza ya mawe, aliketi bibi kizee mwenye kipande cha chaki mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mko wangapi?"

Mama Pacha alikuwa amechoka. Miguu inawaka, na maharage yako jikoni hayajaungwa. Akahesabu anavyohesabu kila jioni, kwa sahani.

"Wanne."

Bibi akainuka taratibu. Akachora mistari minne kwenye mwimo wa mlango. Kruu... kruu... kruu... kruu.

"Karibu," akasema.

Ndani kulikuwa na baridi. Vyumba vitupu, dari iliyo juu, vumbi tupu sakafuni. Dalali akabaki ukumbini akisifu mbao. Mama Pacha akaenda jikoni moja kwa moja, maana nyumba ni jiko.

Akasimama mlangoni.

Harufu ya vitunguu. Vitunguu vinavyokaangwa sasa hivi, vinavyoanza kuungua pembeni.

Jiko lilikuwa limejaa utando wa buibui. Hakuna moto. Hakuna sufuria.

Halafu kijiko kikagonga chungu. Ko. Ko. Ko.

Na sauti ya mwanamke, karibu kabisa na sikio lake, imechoka, haina hata hasira tena.

"Jamani... chakula kinapoa."

Kijiko kikagonga tena.

"Jamani... nimewaita mara ngapi?"

Mama Pacha hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka ukumbini.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nini? Nimekwambia, ukuta mnene. Haupitishi kitu."

Akamsukuma, akatoka nje. Jua lilikuwa limezama. Chini ya mistari yake minne akaona mingine ya kale, imefifia. Minne pia.

"Bibi, hawa waliotoka walikuwa wangapi?"

"Wanne. Baba, babu, na vijana wawili."

"Mbona kuna mwanamke jikoni?"

Bibi akakung'uta chaki vidoleni.

"Ee. Ndiye niliyemuuliza mlangoni. Na yeye alisema wanne."

Mama Pacha akaushika mwimo.

"Nimekosea! Tuko watano. Ongeza mmoja. Mimi sikujihesabu!"

"Mwanangu, mtaa ukishasikia umesikia."

"Hata karani wa shule hufuta akikosea!" Akalowesha kidole kwa mate, akasugua mwimo. Akasugua mpaka ngozi ikachubuka. Chaki haikutoka. "Nyumba yenyewe siitaki! Dalali, mwambie mwenye nyumba siitaki!"

Dalali alikuwa anafunga mlango. Akazungusha ufunguo, akatazama kichochoro huku na huku kama anayemtafuta mtu, akaondoka zake akipiga mluzi.

"Wewe! Si nakusemesha?"

Hakugeuka.

Alirudi nyumbani mbiombio. Akawasha jiko, akaunga maharage, akachoma vidole. Mikono ilikuwa mikono yake. Moto ulikuwa moto. Upuuzi, akajiambia. Njaa tu na uchovu.

"Jamani, chakula kinapoa!"

Hakuna aliyejibu. Lakini ni lini waliwahi kumjibu kwa mwito wa kwanza? Pacha walikuwa wanagombania chaja. Mama mkwe alikuwa na redio yake. Akapakua kwa kishindo, sahani nne, na harufu ikawaleta mmoja mmoja.

"Nyumba ile hatuichukui," akasema.

Mumewe akavuta kiti, akamega mkate. Simu yake ikalia.

"Naam, dalali... Naam. Sawa, tunaichukua." Akatafuna. "Sisi? Tuko wanne."

Mama Pacha akabaki na upawa hewani. Akamtazama usoni kujua kama amesahau tu, kama yeye mwenyewe alivyojisahau, au...

"Baba Pacha," akanong'ona.

"Nisogezee chumvi," mume akasema. Pacha wa kike akampa.

Akahesabu tena, kwa sahani. Mume. Mama mkwe. Wa kiume. Wa kike.

Wanne. Wote wapo.