Waya wa Brevik

Kitu cha kwanza alichokiona Marit ni jinsi forklifti ya bandarini ilivyobeba makasha polepole, kama imebeba mayai.

Makasha yameandikwa: vyuma chakavu.

Nani anabembeleza chakavu?

Akashuka kwenye Ford yake, bastola ya Smith & Wesson kwapani, mvua ya Portland ikimpiga usoni. Redio ya mkononi ikakwaruza.

"Lund hapa. Meli inakaribia kuondoka. Umepata nini?"

"Mashine za kupimia umeme, bosi. Za kampuni ya Brevik. Zikifika Moscow zitapimia makombora."

"Mwenye mali athibitishe."

"Nimewapigia wote! Brevik iliuzwa kwa watu wa bima wa Chicago. Chicago wanasema waliiuza Texas. Texas wameniuliza kama Brevik ni aina ya jibini."

"Basi nipe ushahidi. Bila ushahidi siizuii meli."

Marit akaipiga teke tairi ya Ford. Kampuni iliyolisha nusu ya mji wa Beaverton, leo haina hata mtu wa kusema ni yangu.

Akapenya ghalani.

Nyuma ya kasha la mwisho alisimama Vern Tilley. Kabla ya ujasusi, Marit alikuwa fundi wa kulehemu pale Brevik, na Vern ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

"Lo! Binti wa meza ya nne," Vern akacheka. "Bado unajichoma vidole?"

"Sogea, mzee."

"Unatafuta nini? Mashine mbovu za Kijapani hizo. Tazama, hazina jina wala namba."

Marit akafunua kasha. Kweli. Kila kibandiko kimebanduliwa. Kila namba imesagwa. Marit alitaka kupiga kelele.

Meli ikapiga honi.

Akachomoa bisibisi. Skrubu. Kifuniko. Tochi.

Ndani, pembeni, waya wa kulehemu wenye madini ya fedha, umezungushwa kwenye kigingi kidogo. Mpya. Unang'aa.

Ni Brevik peke yao waliomwekea fundi atakayeitengeneza mashine kesho waya wake ndani yake.

"Vern! Unazipitisha kwa magendo, na bado umezitilia waya?"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Mashine haitoki bila waya. Haitoki tu."

Kisha mkono wake ukaruka kuelekea kotini.

Wa Marit ulikuwa mwepesi zaidi. Bastola ya mzee ikaanguka sakafuni. Pingu zikalia.

"Lund, ni Brevik. Waya wao ninao mkononi. Zuia meli."

"Naizuia."

Polisi wakaingia. Vern akafoka, mate yakimtoka.

"Walituuza kama ng'ombe! Mara mbili! Nikafukuzwa na mtu asiyejua hata kushika koleo. Na wewe hukusema neno!"

Marit akainua kola ya koti, akatembea bila haraka. Mlangoni akasimama, hakugeuka.

"Siku walipong'oa jina la Brevik getini, nililia chooni. Kisha nikatoka nikakusubiri useme tugome, Vern. Ningekufuata."