Washairi Wawili, Lakabu Moja

"Kwa hiyo ulivaa beji yangu ya Ndiyo kifuani, ukaingia ndani ukapiga kura ya Hapana?"

Idwal aliinamisha kichwa. Mvua ya Machi 1979 ilikuwa ikimtiririka puani. Siku chache nyuma, Sikukuu ya Mtakatifu Dewi, Wales iliulizwa kama inataka bunge lake yenyewe. Ikakataa, tena kwa kishindo. Heulwen alikuwa amegonga kila mlango wa Cwm Helyg akiomba kura, na mchumba wake huyuhuyu akimbebea karatasi.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako. Mbele ya kanisa zima, tena anacheka."

"Niliogopa, Heulwen. Nikaona tutaachwa peke yetu na umaskini wetu."

"Woga ningeuelewa. Ungesema, tungegombana, yangekwisha. Wewe ulinitazama usoni ukanidanganya."

Akavua pete, akamwekea mkononi, akaondoka.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hawa wawili kwa kiburi walijitahidi. Walipokutana sokoni, mmoja alivuka barabara. Kijiji kizima kiliwaona, kikachoka nao. Mwezi wa Oktoba simu ikalia nyumbani kwa Idwal.

"Nimepata kazi ya ualimu Cardiff," alisema Heulwen. "Mwaka mpya nahamia huko. Nimeona uisikie kwangu."

"Asante."

"Ndiyo hilo tu?"

"Nina neno, ila kwenye simu halisemeki."

"Basi kaa nalo."

Akakata simu.

Novemba ikaja na eisteddfod ya kijiji, siku ya kushindana kwa mashairi na nyimbo. Mshairi hapa haandiki jina lake. Hujipa lakabu, ili jaji asimjue. Akishinda hupewa kiti cha mbao kilichochongwa kwa ajili yake. Tarumbeta hupigwa, lakabu hutajwa, naye husimama palepale alipo.

"Mshindi wa kiti ni Lango Jekundu," alisema Mzee Parri, jaji. "Asimame, yeye peke yake."

Idwal akasimama nyuma, kwa wafugaji. Heulwen akasimama mbele, kwenye kwaya.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Parri akavua miwani.

"Nilipokea mashairi mawili ya Lango Jekundu, nikadhani ni mtu mmoja mwenye tamaa. Lango gani hilo, jamani?"

Lango hilo lilikuwa la malisho ya akina Idwal. Hapo ndipo walipobusiana mara ya kwanza, na kila mmoja aliamini mwenzake amekwisha kupasahau.

"Basi nasoma mstari wa kwanza, mwenyewe ataujua. *Niliitia nchi yangu alama ya Hapana kwa mkono wa woga.*"

Heulwen akaketi polepole.

"Na lile la pili?" mtu akauliza.

"La pili ni matusi matupu," alisema Mzee Parri, "ila mwishoni linamwomba mpenzi arudi."

Heulwen akaficha uso. Idwal akasindikizwa jukwaani. Kwa desturi, mshindi haketi kitini mpaka upanga uchomolewe nusu na watu waulizwe mara tatu.

"Je, kuna amani?"

"Amani," ukumbi uliitika, mara zote tatu. Upanga ukarudishwa alani.

"Keti, kijana."

"Siketi. Yupo mmoja hajaitika."

Shingo zote zikageukia kwaya.

"Mjibu mtoto wa watu," alisema mama yake Idwal. "Chai inapoa."

Heulwen akasimama, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Neno hilo ungeniambia mimi kwanza, si jaji."

"Najua. Niliogopa tena."

"Cardiff naenda, Idwal. Sitabaki kwa ajili ya shairi."

"Nenda. Nitakuja kila Jumamosi, hata ukinifungia mlango."

Heulwen akafuta machozi kwa kiganja. Alimpenda, na alikuwa amechoka kujifanya hampendi.

"Amani," akasema, kwa sauti ndogo.

Ndipo Idwal akaketi, akalia mbele ya kijiji kizima.